Redio za Boti Zisizoamkia Wazee

Mwalimu Mstaafu Evarist Bura,
Ufukwe wa Magharibi,
Hirbadaw, Hanang.
Jumamosi, asubuhi.

Kwa Ndugu Patriki Vicent,
Mwenyekiti, Kamati ya Usalama wa Boti na Mitumbwi ya Ziwa Letu,
Ufukwe wa Mashariki.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA REDIO ZA MAJINI, KWA KUANZIA NA ILE YA BOTI YA BINTI YANGU

Marahaba.

Ninaanza na jibu kwa sababu tangazo lako la juma lililopita, lile lililobandikwa kwenye mlango wa ghala la vitunguu, halikuwa na shikamoo. Sikupenda shikamoo yako ikose jibu eti kwa sababu tu hukuitoa. Naamini ilikuwa moyoni, ikakosa nafasi kwenye karatasi. Nilikufundisha darasa la tano, Ndugu Mwenyekiti, na ninakumbuka kwamba ulikuwa mtoto wa kwanza kusimama mgeni alipoingia darasani, hata siku ile mgeni alipokuwa mbuzi. Kwa hiyo sikulaumu wewe. Ninakilaumu kifaa ulichotuletea.

Kwa kuwa barua hii itasomwa pia na watu wasiokijua kifaa hicho, nitakieleza. Redio ya majini si ile ya kusikilizia taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ni redio ndogo, ukubwa wake kama gunzi la hindi nene, yenye kitufe ubavuni. Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Lolote linalosemwa na mmoja husikiwa na wote wenye redio kama hiyo, kuanzia ufukwe mmoja hadi mwingine. Kamati yako imegawa redio hizo kwa kila boti, na moja ikaiweka nyumbani kwangu, kwa hoja kwamba barazani pangu ziwa lote linaonekana na paneli yangu ya sola haijawahi kuibiwa.

Tangazo lako linasema kwamba kuanzia Jumatatu boti yoyote isiyo na redio itafungwa ufukweni. (Kwa kweli linasema "boti chochote", lakini hilo tutalizungumza siku nyingine, wewe na mimi, bila watu.)

Sasa jambo lenyewe ni hili. Boti iitwayo Subira ni yangu kwa jina, lakini nahodha wake ni binti yangu, Rogathe. Huvusha vitunguu, huvusha walimu, na huvusha wagonjwa wanaokwenda kupanda basi la Haydom upande wako, ambao wakizunguka kwa barabara hufika hospitali wakiwa na ugonjwa wa pili. Jana niliifungua redio ya Subira kwa mikono yangu, nikaizungushia kitambaa, nikaiweka juu ya kabati la vyombo. Ninaomba Kamati imruhusu Rogathe aendelee na kazi bila redio hiyo. Ukikataa, Jumatatu Subira itafungwa, wagonjwa watazunguka, na Rogathe, ambaye tangu jana jioni ananijibu kwa neno moja moja, ataacha hata hilo moja. Ninakueleza haya ili ujue kwamba siandiki kwa mzaha.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Redio hairuhusu salamu.

Mkufunzi mliyemleta kutoka mjini, kijana safi mwenye viatu visivyojua tope, alitufundisha kwamba mtu akishika redio ataje jina la boti, mahali alipo, shida yake, na idadi ya watu aliowabeba. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Na salamu?" Akacheka kidogo, akasema, "Salamu zinachelewesha, mzee. Hewani tunakwenda moja kwa moja kwenye tatizo."

Ndugu Mwenyekiti, mimi nimezaliwa Mbulu, kwenye baridi na watu wazima. Kwetu mtu aliyekuja kukuambia kwamba nyumba yako inaungua alikuuliza kwanza umeamkaje, watoto wameamkaje, na mvua imenyesha upande gani. Nyumba ilisubiri. Nyingine ziliungua, sikatai, lakini hakuna aliyesema kwamba ziliungua kwa utovu wa adabu.

2. Redio haionyeshi mvi.

Ukikutana na mtu njiani, unamwona. Unaona fimbo, unaona mgongo, unajua nani aanze. Kwenye redio unapewa sauti tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Matokeo yake ni haya: Gaudensia, mfanyabiashara wa vitunguu, ambaye ni binti mdogo tu, alipatwa na mafua mwezi wa sita. Aliposhika redio ya Subira na kuuliza kama magunia yake yamefika, wavuvi wote wa ufukwe wa kusini walimwamkia. Naye akaitikia! Akaitikia marahaba kwa siku zote za mafua yake, na alipopona alisikitika.

Kwa upande mwingine, mzee mwenzangu Hhando, mwenye mifugo pale kwenye malisho ya kaskazini, Mungu alimpa sauti nyembamba. Siku ya kwanza aliposhika redio, mtoto wa mtu alimjibu, "Mambo vipi, dogo?" Hhando hakula siku hiyo. Nilikwenda kumpa pole, ingawa nilipofika kulikuwa na ubishi wetu wa kawaida kuhusu nani kati yetu ni mkubwa na nani alipaswa kuanza, kwa hiyo tulikaa kimya hadi ng'ombe waliporudi.

3. Redio humkatiza mzee.

Mkufunzi alieleza kwamba usipoachia kitufe, wengine hawawezi kusema. Hhando hakuelewa sehemu hiyo, au aliielewa vizuri kuliko sisi. Alibonyeza, akasema alichotaka kusema, kisha akaiweka redio chini ya paja akala hindi la kuchoma. Ziwa zima lilimsikiliza akitafuna. Tulimsikia akimgombeza fahali, tulimsikia akimsifu fahali yule yule, na hakuna chombo kilichoweza kuomba hata njia. Mkufunzi alisema hilo ni kosa la mtumiaji. Mimi ninasema mtu mzima anapotafuna, kifaa kilipaswa kujua.

4. Redio hutoa siri za nyumbani.

Sitaeleza kwa urefu. Mke wangu, Konsolata, aliichukua redio ya barazani bila kuniuliza, akamwita Rogathe katikati ya ziwa na kumwambia, "Ukifika dukani mletee baba yako dawa ya minyoo, ile ya kutafuna, ya kumeza inamshinda." Siku nzima boti zilizopita mbele ya nyumba yangu zilipunguza mwendo. "Shikamoo Mwalimu, tumbo linaendeleaje?" Walitoa shikamoo, ndiyo. Lakini zilikuwa shikamoo zenye minyoo ndani.

5. Ziwa ni dogo.

Mtu mwenye macho mazuri akisimama barazani kwangu anaona nguo zilizoanikwa kwako. Redio za namna hii ziliundwa kwa ajili ya meli na bahari, mahali ambapo watu hawajuani na kila mmoja ni mgeni wa mwenzake. Sisi hapa tunajuana hadi majina ya mbwa. Zamani mtu aliyetaka boti alining'iniza kanga nyeupe kwenye uzio, na boti ilikuja. Aliyetaka msaada alipiga kelele, na msaada ulikuja.

Najua utasema kwamba upepo unaoshuka Mlima Hanang huichukua sauti na kuipeleka kusikotakiwa. Hilo ni kosa la upepo. Kamati iuandikie upepo. Utasema tena kwamba simu za mkononi hazishiki mtandao katikati ya ziwa, kwa sababu tumezungukwa na vilima kama chai ndani ya kikombe. Nakubali. Lakini simu ina heshima yake: humwita mtu mmoja, na huyo mmoja ana nafasi ya kutopokea.

6. Tukio la Subira.

Hili ndilo kubwa, nawe ulilisimulia mkutanoni kama ushahidi wa kunipinga. Ulilisimulia vibaya. Nitalieleza lilivyokuwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na redio.

Ilikuwa alasiri, mwezi uliopita. Nilikuwa barazani nachambua maharage ya mbegu, redio ikiwa mezani. Upepo ulishuka ghafla kama unavyoshuka siku hizi za kiangazi. Rogathe alikuwa katikati ya ziwa na magunia ya vitunguu, pamoja na Gaudensia mwenyewe, mwenye magunia. Ubao wa chini wa Subira ukaachia. Redio ikalia:

"Baba! Subira hapa! Maji yanaingia!"

Nilibonyeza kitufe nikamwambia kwa upole kabisa, "Rogathe, mwanangu, leo hatujaonana tangu kulipokucha. Ndivyo unavyoanza?"

Kisha: "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, baba, ila maji…"

"Na watoto?"

"Hawajambo, baba."

"Na ng'ombe?"

"Baba, ng'ombe wako nchi kavu!"

Nilifurahi kusikia hivyo. Sasa, kwa kuwa redio haina faragha, wenye boti wengine walikuwa wamesikia sauti yangu, na hakuna kijana wa ziwa hili anayeweza kuisikia sauti yangu akanyamaza. Niliwafundisha wengi wao. Wakaanza mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo Mwalimu! Emanuel hapa, natega nyavu kwenye matete ya kusini."

"Marahaba, Emanuel. Marieta anaendeleaje?"

"Mzito, Mwalimu. Tunahesabu siku tu."

"Shikamoo Mwalimu! Tadei hapa, niko ufukwe wa mashariki nashusha mzigo."

"Marahaba, Tadei. Mama amepona mguu?"

"Amepona, anakusalimu."

Hapo akaingia Hhando kwa ile sauti yake: "Bura, mimi sikuamkii. Nilitahiriwa kabla yako." Nikamjibu kwamba jambo hilo lina mashahidi na wengine bado wako hai. Akasema mashahidi wangu wote ni waongo. Hhando alipoachia kitufe, nilimsikia Gaudensia akipiga kelele, "Mwambieni huyo mzee ninayezama ni mimi!" Rogathe akaongeza, "Baba, vitunguu vinaelea!"

Nilimshukuru Hhando kwa maoni yake nikamgeukia binti yangu. Nikamwambia, "Haya, mwanangu. Ulikuwa na jambo?"

Akalieleza jambo lake. Alilieleza vizuri, kwa ufupi, na nikiri kwamba kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikitetemeka. Papo hapo nikamwambia Emanuel aende, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Hakupoteza muda kuzikunja nyavu zake. Alizikata kwa kisu akaondoka. Aliwakuta wanawake wawili wameketi juu ya boti iliyojaa maji hadi ukingoni, wakichota kwa ndoo na kwa kiatu. Akawatoa, akaivuta Subira hadi kwenye matope. Vitunguu vilikwenda. Siku kadhaa viboko wa ziwa hili walinuka kama jiko la harusi.

Rogathe alipofika nyumbani akiwa amelowa, alisimama mbele yangu na kuniambia, "Baba, leo ningekufa na adabu zangu zote." Nililichukua hilo kama sifa. Mama yake aliniambia halikuwa sifa, akaenda kumchemshia maji.

7. Fundisho la tukio hilo.

Ulisema mkutanoni kwamba redio ndiyo iliyowaokoa. Ninakuomba ufikiri kama nilivyokufundisha, hatua kwa hatua. Nilijuaje kwamba Emanuel yuko kwenye matete ya kusini? Aliniambia. Aliniambia wakati gani? Alipokuwa akiniamkia. Kama vijana wangefuata kanuni za yule mkufunzi, wangenyamaza kimya kumpisha mwenye shida, na mimi nisingejua nani yuko wapi. Ningemtuma Tadei kutoka ng'ambo ya pili, na leo ningekuwa naandika barua ya aina nyingine, ambayo sitaki hata kuifikiria.

Kwa hiyo kilichowaokoa ni shikamoo. Redio iliibeba tu, kama punda anavyobeba unga. Na sijaona nyumba ambayo watu wakishiba huenda zizini kumshukuru punda.

Baada ya kulithibitisha hilo, ninaleta mapendekezo. Nimeyapanga kuanzia lililo rahisi.

Kwanza, redio zote zirudishwe zilikotoka, na shikamoo ibaki.

Pili, kama Kamati inaona aibu kurudisha vitu, basi redio ziwe na njia mbili: njia ya salamu na njia ya kuzama. Mtu asifike kwenye ya pili kabla ya kupita ya kwanza na kuruhusiwa. Niko tayari kukaa kwenye njia ya salamu mwenyewe, bila posho, isipokuwa chai.

Tatu, kila boti iandikwe ubavuni umri wa nahodha wake, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kwa mbali, ili ijulikane nani anamwamkia nani. Wasiojua mwaka waliozaliwa, kama Hhando, nitawakadiria mimi.

Nne, boti mbili zikipata shida kwa pamoja, ianze kusaidiwa ya mkubwa. Mdogo asubiri, na wakati anasubiri asichote maji kwa kelele.

Tano, na hili ndilo nililolifikiria zaidi, salamu zote za siku zikamilishwe asubuhi, ufukweni, kabla ya boti yoyote kuondoka. Kila nahodha amwamkie kila mkubwa wake. Kila mkubwa aulize kuhusu nyumba, watoto, mifugo, mashamba na mvua. Na kila swali lijibiwe, pasipo kuruka hata moja. Nimejaribu kukadiria na Konsolata. Tukifanya kwa uaminifu, na Hhando akihudhuria, tutamaliza jua likizama. Kwa hiyo hakuna boti itakayoondoka. Na boti iliyofungwa ufukweni haijawahi kuomba msaada. Huo ni usalama kamili, uliopatikana bila betri wala mlingoti, na sielewi ni kwa nini wataalamu hawakuuona.

Mpaka hapo Kamati itakapokaa na kuyakubali mapendekezo haya, ninarudia ombi langu dogo: Subira isifungwe Jumatatu.

Ili uone kwamba redio haihitajiki, nikupe mfano wa leo leo. Unajua kwamba Marieta, yule mke wa Emanuel, amejifungua salama Haydom, mtoto wa kike. Leo anarudi kwa basi. Emanuel mwenyewe yuko Mbulu mjini, amekwenda kutafuta nyavu badala ya zile alizozikata, kwa hiyo Rogathe ndiye aliyekwenda kuwachukua mama na mtoto upande wako. Ameondoka asubuhi hii bila redio, kwa agizo langu. Aliniamkia kabla ya kuondoka. Aliniamkia akiwa amegeukia ziwani, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua, lakini neno lilikuwa kamili na mimi siombi zaidi ya neno. Ninapoandika, ziwa limetulia kama maji ya kunawa ndani ya beseni. Subira itakwenda na kurudi kama ilivyokuwa ikienda na kurudi kabla hatujajua vitufe.

Kuhusu redio ya barazani kwangu, nitakuletea pamoja na hiyo ya Subira. Kwa sasa iko mezani kwenye chaji. Nimeiacha imewashwa, si kwa sababu ninaisikiliza, bali ili utakapoipokea usije ukasema kwamba nimekurudishia kitu kibovu. Nimeiongeza sauti kwa sababu hiyo hiyo.

Nisalimie mkeo, na mama yako, ambaye hajawahi kupita mbele ya nyumba yangu bila kupiga hodi. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, kila mmoja kwa umri wake. Nisalimie kijana mkufunzi akija tena, na umwambie salamu hizi zimechukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Ukimwona Hhando, usimsalimie kwa niaba yangu. Yeye ndiye anayepaswa kuanza.

Wako, anayesubiri shikamoo ya maandishi,

Evarist Bura
Mwalimu Mstaafu

Nakala: Mtendaji wa Kata, Paroko, Mzee Hhando (asomewe).

Nyongeza. Ndugu Mwenyekiti, ukianza kusoma hapa inatosha. Huko juu hakuna unachohitaji.

Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, ninasubiri bodaboda wa kukuletea, nilipoona miti ya uzio inalala. Upepo ulishuka mlimani wote kwa pamoja. Ziwa likawa jeupe. Subira ilikuwa katikati, inarudi. Mara naiona, mara siioni.

Niliita kwa sauti, sauti ile iliyonyamazisha shule nzima. Upepo ukanirudishia usoni. Niliipandisha kanga ya Konsolata kwenye uzio. Imeondoka, na kama imefika kwako naomba irudishwe, ni ile ya maua mekundu. Ndipo nikaichukua redio. Nikamwita Tadei. Nikataja jina la boti, mahali ilipo, shida yake, na watu watatu, mmoja mchanga. Sikumuuliza habari za mama yake. Alijibu, "Natoka sasa hivi!" wala hakuniamkia, na kabla sijaiweka redio chini nikaiona boti yake inatoka upande wako.

Hhando akaingia. Nikadhani ni ule ubishi wetu. Alisema tu, "Shikamoo, Bura. Naiona kutoka huku, inasukumwa kusini," akaachia kitufe mara moja. Kwa hiyo yule mkubwa sasa ni mimi, na sikuona raha yoyote.

Nikakimbilia kabati la vyombo. Sijui nilitaka kuifanyia nini ile redio ya Subira. Labda kuikimbiza hadi majini. Nikafungua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na mche wa sabuni.

Nikamtazama Konsolata. Hakuwa na haya hata kidogo. Akasema, "Niliirudisha kwenye boti alfajiri, ndani ya kikapu cha nguo za mtoto. Mwite mwanao."

Nikabonyeza. Sikukumbuka jina la boti wala kanuni yoyote. Nikasema, "Rogathe. Mwanangu, uko wapi?"

Nikaachia. Kulikuwa na upepo mtupu kwa muda ambao sitaueleza. Kisha:

"Baba, tuko kwenye matete ya kusini! Tumeshika matete, injini imezima lakini boti ni nzima! Namwona Tadei anakuja!"

Redio ya Subira ibaki kwenye Subira. Ile ya kwangu ibaki kwangu, na naomba uniletee betri ya pili, hii imebaki kidogo na siizimi mpaka nimwone akipanda ngazi za baraza. Yale mapendekezo yangu, hasa lile la njia mbili, mpe Paroko awashie jiko.

Rogathe hakuniamkia. Nyuma yake nilimsikia mtoto wa Marieta akilia kwa nguvu zake zote, na yeye pia hakuniamkia. Ziwa zima lilikuwa likitusikiliza.

Nikabonyeza kitufe nikawajibu wote watatu waliokuwa botini: marahaba.